Krismasi ya watu wawili ughaibuni: namna ya kuipanga siku isiwaponyoke

Swali: Mimi na mume wangu tunaishi nje ya nchi yetu. Mwaka huu hatusafiri wala hatualiki watu. Tunataka Krismasi tulivu, sisi wawili. Mwaka jana tulijaribu tukashindwa. Tulipika kama tulivyozoea kwetu, simu zikaita kutwa, na ilipofika saa mbili usiku tulikuwa hoi, kila mmoja amenuna upande wake. Tuna fleti ya chumba kimoja, oveni ndogo ya mezani na friji fupi. Tufanyeje?

Jibu: Dada, chakula kupita kiasi, simu za kutwa na kununa si mambo matatu, ni jambo moja. Krismasi ya nyumba iliyojaa watu hubebwa na mikono mingi: huyu yuko jikoni, yule anapokea wageni, mwingine anaongea na wazee, watoto wanatumwa dukani. Mkiwa wawili, kazi zote hizo huwaangukia nyinyi, hata mkipunguza sufuria. Kwa hiyo cha kupunguza kwanza ni idadi ya shughuli. Kwa siku yenyewe zibaki tatu: simu, mlo mmoja, na kutoka nje kidogo. Kama mnasali, ibada ichukue nafasi ya matembezi. Mengine yote yafanyike kabla ya tarehe 25 au yaachwe kabisa.

Mazungumzo ya kwanza ni kati yenu wawili, na yafanyike mapema, wiki ya kwanza ya Desemba isipite. Kila mmoja aandike peke yake vitu vitatu ambavyo bila hivyo haoni kuwa ni Krismasi, kisha mbadilishane karatasi. Msiulizane kwa mdomo, kwa sababu anayeanza kusema humfanya mwenzake akubali tu ili yaishe. Mara nyingi mtakuta mmoja ameandika watu na sauti, mwingine ameandika usingizi na nyumba iliyotulia. Hapo ndipo kununa kwa mwaka jana kulipoanzia. Chukueni kitu kimoja kutoka kila karatasi na mkilinde siku hiyo. Vilivyobaki vikipatikana ni heri, visipopatikana hakuna wa kulaumiwa. Zawadi nazo zikubaliwe hapo hapo: mnapeana au hampeani, na kama mnapeana, kiwango cha juu ni kiasi gani. Mmoja akinunua kitu cha gharama na mwenzake akaja na kadi, wote wawili wataona aibu.

Siku hizo hizo waambieni wazazi na wakwe kwamba hamji, na mseme kwa uhakika. Neno "labda" huwafanya watu waendelee kusubiri, na simu za tarehe 25 hugeuka kuwa za kuuliza kwa nini hamkufika. Kama mnatuma pesa nyumbani kwa sikukuu, zitumeni mapema, ziwe zimeingia kufikia tarehe 20. Benki hazishughulikii malipo mengi siku za mapumziko, na Krismasi ikiangukia karibu na wikiendi, pesa iliyotumwa tarehe 23 inaweza kufika baada ya sherehe kwisha. Vifurushi ndivyo vya kuanza navyo kuliko vyote. Vya ndege vihesabieni wiki tatu, vya meli miezi miwili au mitatu. Kwenye fomu ya forodha andikeni kitu chenyewe na thamani yake, kwa mfano "shati moja la pamba", kwa sababu neno "zawadi" peke yake halimwambii ofisa chochote na kifurushi hubaki kikingoja ukaguzi.

Sasa simu, maana ndizo zilizowala kutwa. Dawa yake ni kuzipangia dirisha moja lenye mwanzo na mwisho, na kuwatangazia watu wiki moja kabla. Saa moja na nusu yatosha kwa familia mbili. Wazee wapigiwe kila mmoja peke yake, dakika kumi hadi kumi na tano, kwa sababu kwenye simu ya kundi ni wao wanaokaa kimya huku vijana wakipigiana kelele. Baada yao ije simu moja ya pamoja kwa ndugu wote. Marafiki na wafanyakazi wenzenu watumieni salamu za sauti mlizorekodi jioni ya tarehe 24. Hata zikisikilizwa kesho yake hakuna anayekasirika.

Kabla ya kutangaza saa, hakikisheni tofauti ya saa ya mwezi wa Desemba. Nchi nyingi husogeza saa mbele kipindi cha joto na kuirudisha baadaye, nyingine hazigusi kabisa. Kama tofauti mliyoizoea mwezi wa Julai ni saa mbili, Desemba inaweza kuwa tatu. Kuna na tatizo letu wenyewe tunaozungumza Kiswahili: ukimwandikia mtu "saa nne", yeye anaweza kusoma saa nne asubuhi ya kwetu na simu yako ikasoma saa kumi alfajiri. Andika "saa nne asubuhi, yaani 10:00, kwa saa za huko kwenu". Mkiwa nyuma ya nyumbani kwa saa tatu, dirisha zuri kwenu ni saa tatu asubuhi (9:00), kwao ikiwa saa sita mchana, kabla watu hawajaketi kula. Mkiwa nyuma kwa saa nane, pigeni mara mkiamka, kwani mkichelewa hadi mchana wenu kwao ni usiku. Mkiwa mbele kwa saa tano, simu zihamie alasiri na mlo utangulie.

Picha ikikwama, msikimbilie kuilaumu mtandao wa nyumbani. Simu ya video ya watu wawili hutosheka na takriban megabiti 1 hadi 2 kwa sekunde, kwenda na kurudi. Tatizo mara nyingi liko kwenye chumba chenu. Maikrowevu hufanya kazi kwenye masafa ya gigahezi 2.4, yale yale yanayotumiwa na Wi-Fi ya kawaida, hivyo mmoja akipasha chakula wakati mwingine anaongea na mama, picha hukatika. Kaeni chumba kimoja na kisambazaji cha Wi-Fi, zimeni maikrowevu, na kama bado inasumbua funga kamera; sauti peke yake huhitaji chini ya sehemu ya kumi ya kiasi hicho. Simu iwe kwenye chaja na iegemezwe kitu kwenye usawa wa macho. Kuishika mkononi kwa saa nzima huchosha bega, na anayewaona huona dari.

Lipangieni kitu lile nusu saa linalofuata simu ya mwisho. Watu wengi hutarajia upweke utawajia mezani, lakini unauma zaidi pale kioo cha simu kinapozimika na nyumba kunyamaza ghafla. Msiketi hapo mkitazama picha za wengine. Iwe ndiyo nusu saa ya kazi ya mikono: mmoja anaosha vyombo vya chai, mwingine anamenya viazi. Na mmoja wenu akilia, alie. Mwenzake asikimbilie kumchekesha.

Tuje kwenye mlo, ambao kwa oveni yenu unahitaji hesabu tofauti na mliyoizoea. Kwa watu wawili, kuku mzima wa kilo 1.2 hadi 1.4 anatosha: mtakula nusu, na nusu itawapikia siku inayofuata. Ndege mkubwa zaidi atagusa waya za juu za oveni, na hilo ndilo kosa linaloharibu kuku wengi wa oveni za mezani: ngozi inaungua kabla paja halijaiva. Kwa hiyo msimwoke akiwa mzima. Mpasueni awe bapa. Mgeuzeni mgongo juu, kata kwa mkasi imara pande zote mbili za uti wa mgongo, toka mkiani hadi shingoni, mwondoeni uti huo na muuhifadhi. Mgeuzeni tena, mkandamize kidari kwa kiganja hadi msikie mfupa ukilia, alale bapa. Sasa paja na kidari viko karibu kwa kimo, moto unavifikia kwa pamoja, na muda unapungua kwa karibu theluthi.

Kama kuku amegandishwa, mwingizeni kwenye friji asubuhi ya tarehe 23, ndani ya bakuli, rafu ya chini kabisa ili maji yake yasidondokee chakula kingine. Ndege wa ukubwa huu huyeyuka kwa saa kama 24, ila friji ndogo iliyojaa hupooza zaidi nyuma, hivyo nafasi ya ziada ya nusu siku ni ya lazima. Mkichelewa, mtumbukizeni kwenye maji baridi akiwa bado ndani ya mfuko usiovuja, badilisheni maji kila nusu saa, na mhesabu kama dakika 30 kwa kila nusu kilo. Msimwache juu ya meza usiku kucha: nje inakuwa na joto la kuzalisha vijidudu huku ndani bado ni barafu. Wala msimwoshe bombani, kwani matone yanarukia sinki, vyombo na nguo. Mpanguseni kwa karatasi za jikoni.

Mchana wa tarehe 24 mpasueni, mpimieni chumvi gramu 10 kwa kila kilo. Kwa kuku wa kilo 1.3 hiyo ni gramu 13, vijiko vidogo viwili bapa vya chumvi laini. Mpakeni kote, pia chini ya ngozi ya kidari, mrudisheni friji bila kumfunika hadi kesho. Chumvi itavuta maji nje, kisha maji hayo yatairudisha ndani ya nyama, na hewa kavu ya friji itakausha ngozi. Ngozi iliyolowa haiwezi kuwa kavu na rangi nzuri, kwa sababu moto unatumika kwanza kuchemsha maji yale. Kwa sababu hiyo hiyo msimzungushie mboga mbichi kwenye trei moja. Zinatoa mvuke na kuku anachemka.

Siku yenyewe mtoeni nusu saa kabla. Washeni oveni nyuzijoto 200 za Selsiasi na muiache dakika 20 ikiwa tupu. Kidhibiti cha oveni za mezani mara nyingi si sahihi, kinaweza kupotoka nyuzi 20 juu au chini, kwa hiyo kipimajoto cha kuning'iniza ndani ni kifaa cha thamani kuliko trei mpya. Kama oveni ina feni, punguzeni hadi 180. Wekeni wavu chini kabisa na chini yake trei yenye maji nusu kikombe, ili mafuta yasidondokee bati kavu na kutoa moshi. Safisheni oveni jana yake, maana masazo ya zamani ndiyo yanayoliza king'ora cha moshi. Kikilia, fungua dirisha na pepea kwa taulo. Msitoe betri yake. Katika majengo mengi ya fleti king'ora kimeunganishwa na cha jengo zima.

Muda ni dakika 45 hadi 55. Dakika ya 20 tazameni ngozi: ikiwa imeshakuwa kahawia, ifunikeni juu juu kwa karatasi ya foili isiyogusa waya. Dakika ya 45 chomeni kipimajoto cha nyama sehemu nene ya paja bila kugusa mfupa, kisha kwenye kidari. Kote kusome nyuzi 74 au zaidi. Rangi ya maji yanayotoka si kipimo cha kutegemewa. Kuku mchanga anaweza kutoa maji ya waridi akiwa ameiva. Akitoka, apumzike dakika 20 chini ya foili. Dakika hizo ni za viazi: mlivichemsha kabla dakika kumi, mkavichuja, mkavitikisa kwenye sufuria hadi kingo zikachakaa, sasa vimwagieni mafuta ya kuku na mviingize oveni nyuzi 220. Ile sehemu iliyochakaa ndiyo inayokuwa kavu na tamu.

Jambo la umeme lisipuuzwe. Oveni ya mezani hutumia kama wati 1,500 hadi 2,000. Waya wa kuongezea wa ampea 10 kwenye volti 230 hubeba wati 2,300 tu. Oveni na birika la umeme kwenye waya mmoja ni karibu wati 3,500, na swichi ya usalama ikikosa kujizima, plagi huyeyuka. Oveni ichomekwe ukutani moja kwa moja, na hita ya chumba iende soketi nyingine.

Kuhusu kitu kitamu: keki ya kawaida huokwa kwenye chombo cha duara cha sentimita 20. Mkitaka nusu yake, chombo cha sentimita 10 siyo jibu, kwa sababu eneo hupungua kwa mraba wa upana. Duara la sentimita 20 lina eneo la sentimita za mraba 314 hivi, la sentimita 15 lina 177, yaani zaidi kidogo ya nusu. Hicho ndicho chombo chenu. Mapishi yakitaka mayai matatu, pigeni mawili, mpime gramu 75. Yai moja bila ganda ni kama gramu 50. Beking poda nayo ipimwe kwa mizani, si kwa kukisia kijiko. Joto halipungui, muda ndio unaopungua, lakini si kwa nusu: anzeni kuchungulia ikifika theluthi mbili ya muda ulioandikwa. Wali nao una tabia yake. Mvuke unaotoroka hutegemea upana wa sufuria na mfuniko, si wingi wa mchele, kwa hiyo mkipunguza mchele na maji kwa nusu kwenye sufuria ile ile kubwa, wali hubaki kiini kigumu. Tumieni sufuria nyembamba yenye mfuniko unaobana.

Ununuzi umalizike tarehe 22. Kuna nchi ambako maduka hufungwa mchana wa tarehe 24 na kufunguliwa tarehe 27, na nyingine ambako tarehe 25 ni siku ya kazi kama nyingine. Kama mko kwenye nchi ya namna ya pili, ombeni likizo mapema au mhamishie siku yenu Jumapili ya karibu bila kuona vibaya. Simu tu ndizo zibaki tarehe 25. Pamoja na chakula, kumbukeni vile ambavyo haviokotwi siku ya mapumziko: dawa mnazotumia kila siku, umeme au gesi ya kulipia kabla, na namba ya dharura ya mwenye nyumba. Usafiri wa umma pia uangalieni, hasa kama mnakwenda ibadani, kwa sababu ratiba ya siku hiyo hupunguzwa na mahali pengine husimama kabisa.

Mapambo yawe machache. Mti wa sentimita 60 hadi 90 juu ya meza unakaa vizuri kwenye chumba kimoja. Kama ni mti halisi uliokatwa, kata tena kipande cha sentimita mbili chini ya shina kabla ya kuusimamisha, kwani utomvu huziba sehemu iliyokatwa ndani ya saa chache, na maji yasiishe hata siku moja. Uwe umbali wa mita moja kutoka kwenye hita. Taa mlizokuja nazo kutoka nchi nyingine someni lebo zake kwanza: taa za volti 120 zikichomekwa kwenye volti 230 huungua, na adapta ya plagi hubadilisha umbo la miguu tu, haibadilishi volti. Mshumaa uwe sentimita 30 kutoka kwenye pazia na matawi, baada ya kusoma mkataba wa nyumba, kwani mingi inakataza moto wa wazi na misumari ukutani.

Kutoka nje kupangwe kwa kufuata jua. Kwenye latitudo ya nyuzi 60 kaskazini, mwanga wa mchana mwishoni mwa Desemba ni kama saa sita tu, na mkisubiri mmalize kula mtatembea gizani. Hapo tokeni baada ya simu, dakika 40 hadi saa moja, mkirudi ndipo muingize kuku. Mkiwa mbali kusini mwa ikweta, mambo ni kinyume: jua huchelewa kuzama, matembezi yawe jioni, na oveni iwashwe mapema kabla chumba hakijapata joto.

Kwa mlio nyuma ya nyumbani kwa saa tatu, siku inaweza kwenda hivi: saa tatu hadi nne na nusu asubuhi simu, kisha mmoja aandae viazi huku mwenzake akiosha vyombo vya chai, saa tano na nusu matembezi, saa saba kuwasha oveni, saa tisa kula. Baada ya hapo simu zikae chumbani, zimenyamazishwa. Muda wote uliobaki hauna ratiba, na usitafutiwe.

Mara tu mkimaliza kula, toeni nyama ya kuku kwenye mifupa. Nyama iingie friji ndani ya saa mbili tangu itoke motoni, kwenye vyombo visivyo na kina ili ipoe haraka. Friji iwe chini ya nyuzi 5, na nyama iliwe ndani ya siku tatu au nne. Wali una masharti makali zaidi, kwa sababu mbegu za bakteria wake haziuawi na kuchemsha: uingizwe ndani ya saa moja, uliwe kesho yake, na upashwe mara moja tu hadi utoe mvuke kote. Mifupa na ule uti wa mgongo mliouhifadhi viwekeni kwenye sufuria asubuhi ya tarehe 26, maji lita moja na nusu, kitunguu kimoja na karoti, moto mdogo kwa saa mbili bila kufunika kabisa. Chujeni, ndipo mtie chumvi, maana kuku tayari ana yake.